Kobalti au linaki? Kwa sisi wa kanda ya ziwa tunaoambiwa mgonjwa apigwe mionzi

Swali ninaloulizwa sana tangu tumuuguze mama mdogo ni hili moja, eti dada, tumeambiwa mgonjwa wetu apigwe mionzi, sasa tubaki hapa hapa Mwanza kwenye kobalti au tujichange tumpeleke Dar kwenye linaki maana tunasikia ndo ya kisasa? Naulizwa kwa simu, naulizwa kanisani, juzi kati mama mmoja kanishika mkono sokoni Kirumba huku dagaa wake wanapimwa, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa kama anaulizia jambo la aibu. Na mi kila nikijibu naona jibu la dakika mbili halitoshi, kwahiyo leo naandika ninayoyajua yote. Mimi si daktari, nimeuguza tu, nimekaa kwenye yale mabenchi kuanzia alfajiri na nimewauliza wataalamu maswali mpaka wakanizoea.

Nianze na msimamo wangu. Kwa saratani nyingi tunazoziona huku kwetu, hasa ya mlango wa kizazi, kobalti inayoanza wiki ijayo na kwenda mpaka mwisho bila kukatika naichagua mbele ya linaki ya kusubiri miezi miwili. Ila zipo saratani ambazo ningeuza hata ng'ombe ili mtu wangu afike kwenye linaki, na nitazitaja.

Kwanza tuelewane hizi mashine ni nini. Zote mbili kwa nje zinafanana, mgonjwa analala kwenye kitanda chembamba kigumu, kichwa kikubwa cha mashine kinamzunguka, hasikii maumivu yoyote, watu wote wanatoka, mlango mzito unafungwa. Tofauti iko ndani. Kobalti ina kipande cha madini ya kobalti-60, upana wake kama sentimita 2 hivi, ambacho kilipikwa kwenye kinu cha nyuklia mpaka kikawa na mionzi yake chenyewe. Kinakaa kwenye kichwa cha mashine kilichozungushiwa risasi nzito (madini ya risasi, sio ya bunduki) na hakizimiki, usiku na mchana kinatoa mionzi, ila wakati wa tiba ndo kinasogezwa mbele ya tundu na muda ukiisha kinarudi kujificha. Linaki haina kipande chochote. Yenyewe inakula umeme, inazikimbiza elektroni kwa kasi inayokaribia ya mwanga, inazigonga kwenye bamba la chuma na mionzi inazaliwa hapo. Ukizima umeme hamna mionzi, imeisha, ni chuma tu kama friji.

Sasa waliozileta, na naomba usiruke hapa maana kwangu mimi hapa ndo pana jibu lenyewe.

Kobalti ni kazi ya Kanada, mwaka 1951. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa tarehe 27 Oktoba kwenye mji unaoitwa London jimbo la Ontario, afu tarehe 8 Novemba wakaanza Saskatoon. Wale wa Saskatoon waliongozwa na mwanafizikia Harold Johns, na kwenye timu yake alikuwepo dada kijana wa fizikia, Sylvia Fedoruk, ambaye baadaye kabisa alikuja kuwa mwakilishi wa Malkia kwenye jimbo lao la Saskatchewan. Mgonjwa wao wa kwanza pale Saskatoon alikuwa mama wa miaka 43, watoto wanne, saratani ya mlango wa kizazi. Yule mama akapona akaishi mpaka miaka 90. Nilipoisoma habari hii ilikuwa usiku, nikamwamsha mama mdogo nikamsomea pale pale kitandani, akanyamaza muda mrefu afu akaniuliza, "Watoto wanne kama mimi?" Nikamwambia ndio mama, wanne.

Linaki ina baba wengi. Ndugu wawili, Russell na Sigurd Varian, mwaka 1937 kule Stanford Marekani walibuni chombo cha kutengeneza mawimbi yenye nguvu, kinaitwa klistroni, ikaja vita teknolojia ya rada ikakua sana, na baada ya vita watu wakaanza kujiuliza haya mawimbi si yanaweza kukimbiza elektroni za kutibia watu. Waingereza ndo waliotangulia, 1953 hospitali ya Hammersmith. Marekani walikuwa wawili, daktari Henry Kaplan ambaye baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu, na mwanafizikia Edward Ginzton. Mgonjwa wao wa kwanza, 1956, alikuwa mtoto wa miaka 2 mwenye saratani ya macho, jicho moja lilishaondolewa, limebaki moja. Wakampiga mionzi kwenye lile lililobaki na likaokoka.

Ukiwatazama hao wawili, yule mama na huyu mtoto, umeshaona nusu ya ulinganisho. Mama alihitaji mionzi ya kutosha kwenye nyonga. Mtoto alihitaji mionzi inayoingia kwenye jicho dogo na kuishia pale pale bila kumwaga pembeni. Mpaka leo, miaka sabini imepita, mgawanyo unakaribia kuwa ule ule.

Twende kwenye kumwaga pembeni. Weka mkono wako mbele ya taa ya tyubu uangalie kivuli ukutani, pembeni kina ukungu, hujui kidole kinaishia wapi. Sasa weka mkono mbele ya tochi ya simu, kivuli kimekatika kama kwa wembe. Sababu ni ukubwa wa kinachotoa mwanga. Kobalti inatoka kwenye kipande cha sentimita 2, linaki inatoka kwenye nukta ya milimita chache, kwahiyo kobalti pembeni ina ukungu na linaki imekatika vizuri. Ongeza na kwamba linaki nyingi zina vipande vya chuma kama meno ya kitana vinavyojisogeza kimoja kimoja na kuchonga umbo la uvimbe, hata uwe umejikunja.

Kingine ni kina. Kobalti inafikia nguvu yake kubwa nusu sentimita tu chini ya ngozi, linaki ya kawaida ya 6 MV (hicho ni kipimo cha nguvu ya mionzi yake) ni sentimita moja na nusu. Ukienda sentimita 10 ndani, kobalti imebaki na zaidi kidogo ya nusu ya nguvu yake, linaki karibu theluthi mbili. Maana yake kwa mgonjwa ni kwamba kobalti inaichoma ngozi zaidi, hasa kwenye mikunjo, shingoni, chini ya titi, kwenye mapaja, na kwa mtu mnene mwenye uvimbe wa ndani sana linaki ina nafuu ya kweli. Madaktari wanajua hilo, ndo maana kwenye kobalti nyonga mara nyingi inapigwa pande nne, mbele, nyuma, kulia, kushoto, ili kila pande ya ngozi ibebe kidogo na katikati pajae. Mama mdogo ni mwembamba, alipigwa hivyo, ngozi ikawa nyeusi na kuwasha wiki ya nne na ya tano, haikuchanika.

Sasa habari ya "mashine imechakaa" ambayo inatisha watu. Kobalti-60 inapungua nguvu nusu kila baada ya miaka 5.27, ni kama asilimia moja kila mwezi. Aliyelala dakika mbili wakati chanzo ni kipya, miaka mitano mbele atalala dakika nne kwa dozi ile ile. Yaani muda ndo unaongezeka, dozi haipungui, na kuna mtaalamu wa fizikia tiba ambaye kazi yake ni kupiga hizo hesabu. Kuna bibi tulikaa naye benchi alikuwa analia kwamba anakaa muda mrefu ndani kwa sababu ugonjwa wake umezidi. Hapana bibi yangu, kobalti imezeeka tu kidogo. Ila chanzo kikipita muda bila kubadilishwa foleni inakuwa ndefu, hilo ni kweli, kwa sababu kila mtu analala zaidi.

Linaki haichoki hivyo lakini inadeka. Inataka umeme usioyumba, inataka maji ya kupoozea, inataka kiyoyozi, inataka injinia aliyesomea mashine hiyo hiyo, na kipuri kikifa kinaweza kuagizwa nje. Sisi tunaoishi na umeme wa kukatika tunajua maana yake. Kobalti umeme ukikatika mnasubiri jenereta mnaendelea, vitu vya kuharibika ndani ni vichache. Jirani yetu alitibiwa kwa linaki mbali na hapa, hospitali siitaji, wiki ya tatu mashine ikasimama siku sita. Siku sita za kulala gesti, anakula hela, hatibiwi.

Na kusimama sio kulipia gesti tu. Kwa saratani ya mlango wa kizazi tiba nzima ya mionzi, ya nje na ya ndani (hiyo ya ndani nitaieleza mbele), inatakiwa iishe ndani ya wiki 8, siku 56, ikizidi hapo nafasi ya kuumaliza ugonjwa inaanza kupungua kwa kila siku inayoongezeka. Seli za saratani zinatumia yale mapumziko kujijenga. Kwahiyo kati ya mashine nzuri inayosimama simama na mashine ya kawaida inayofanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa, hiyo ya pili ndo nzuri.

Ila kobalti nayo inakufa, tena ikifa peke yake nchi nzima ni balaa. Waganda wenzetu wa ng'ambo ya ziwa walikuwa na moja tu pale hospitali ya Mulago, Kampala, ya mwaka 1995, ikafa 2016 isitengenezeke, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Hapo katikati mtu wa Masaka au Entebbe mionzi yake ilikuwa Nairobi au hakuna. Ukikumbuka hilo unaiangalia mashine iliyo karibu na wewe kwa jicho tofauti.

Kwetu, hospitali ya Bugando hapa Mwanza, huduma ya mionzi imefika, na waziri mkuu wa India Narendra Modi alipokuja Dar Julai 2016 alisema mashine ya mionzi ya Kihindi inafungwa pale. Kabla ya hapo mtu wa Ukerewe, wa Bukoba, wa Tarime, njia ilikuwa moja tu, Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, zaidi ya kilomita elfu moja. Wengi hawakwenda, walirudi nyumbani na karatasi ya rufaa kwenye mfuko wa plastiki. Ocean Road wao wana linaki tangu 2018. Mashine zinaongezeka na kubadilishwa, kwahiyo siku unayoamua uliza idara yenyewe ya saratani, usinukuu mimi.

Nieleze kilichotupata sisi. Mama mdogo alikatwa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa, majibu yakatoka, daktari akasema aanze mionzi hapa hapa. Familia tukakaa kikao, binamu zangu wa Dar wakasema hapana, asipigwe na mashine ya zamani, subirini tupange aje huku. Tukachangishana, nauli, pa kufikia, nani atamsindikiza, mara fulani kaenda kuuza gunia, mara fulani hajapokea mshahara. Wiki sita zikapita hivyo na damu ikazidi, mpaka siku moja akazimia Nansio, akavushwa na meli, tukamrudisha kwa daktari yule yule. Daktari hakufoka. Aliangalia tarehe kwenye faili akasema, "Mama, ungeanza siku ile majibu yalipotoka leo tungekuwa tunamalizia." Hiyo sentensi ninayo mpaka leo. Akaongezewa damu, akaanza kobalti, siku 25 na dripu ya kemo (dawa ya saratani) kila wiki, kisha mionzi ya ndani. Yuko hai, analima. Lakini zile wiki sita tulimwibia sisi ndugu zake tuliompenda.

Jirani yetu wa linaki ni kesi nyingine kabisa na sijutii kumsukuma aende. Yeye ni dereva wa bodaboda, saratani ilikuwa nyuma ya pua. Pale kuna shina la ubongo karibu, kuna mishipa ya macho, kuna tezi za mate kulia na kushoto, na dozi inayotakiwa ni kubwa, siku 35, wiki saba. Ukimwaga pembeni mtu anapona saratani ila mdomo unakauka maisha yake yote, ugali haushuki bila maji, meno yanaoza. Linaki inayochonga dozi ndo inaziokoa tezi za mate. Walimtengenezea maski, ile plastiki ya matundu matundu inalainishwa kwenye maji ya moto inafinyangwa usoni mpaka inachukua pua na kidevu chake, afu kila siku anafungwa nayo kitandani asitikisike. Alivyomaliza akaomba aje nayo. Iko Igoma imening'inia kwenye msumari sebuleni, ukiingia unaona sura yake mbili, moja imekonda kuliko nyingine kwa sababu alipoanza alikuwa na mashavu.

Kwahiyo ningempeleka kwenye linaki mwenye uvimbe wa ubongo, nyuma ya pua, karibu na jicho, uti wa mgongo, tezi dume inayotaka dozi kubwa, titi la kushoto kwa sababu moyo uko nyuma yake, mtoto mdogo wa aina yoyote, na mtu aliyeshawahi kupigwa mionzi sehemu ile ile. Mwenye mlango wa kizazi, mwenye mifupa inayouma saratani ikiwa imesambaa, mwenye koo la chakula lililoziba anayehitaji tu ameze tena, huyo simuoni akifaidika na safari kama kobalti ipo na inafanya kazi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wanasahau kabisa wakishikwa na ubishi wa kobalti na linaki. Kwa mlango wa kizazi mionzi ya nje peke yake haitoshi, iwe ya mashine gani. Lazima ije mionzi ya ndani, ambapo kichanzo kidogo kuliko punje ya mchele kinasukumwa na mashine mpaka kwenye uvimbe wenyewe kwa dakika chache na kurudishwa. Hospitali yenye linaki inayong'aa lakini haina mionzi ya ndani, kwa ugonjwa huu, naiweka nyuma ya hospitali ya kobalti yenye mionzi ya ndani. Na hapo napo kuna kuchagua, kuna chanzo cha iridi-192 kinachopungua nusu kwa siku 74, maana yake kinaagizwa upya kila miezi mitatu minne, na kuna cha kobalti-60 kinachokaa miaka. Kwa nchi ambayo mzigo unaweza kukwama bandarini au uwanja wa ndege mimi naona cha kobalti kina akili. Uliza tu, "chanzo chenu cha ndani kipo sasa hivi?" Ni swali la heshima kabisa.

Wanaosema kobalti ni ya kizamani niwakumbushe daktari wa upasuaji wa ubongo wa Sweden, Lars Leksell. Yeye na mwenzake wa fizikia Börje Larsson ndo waliotengeneza Gamma Knife, ikaanza Stockholm 1968 na vyanzo 179 vya kobalti vinavyolenga nukta moja ndani ya kichwa, na mpaka leo ni kati ya mashine sahihi kuliko zote za ubongo. Mmarekani John Adler, naye wa upasuaji wa ubongo, alikwenda kujifunza kwa Leksell mwaka 1985, akarudi akafunga linaki ndogo kwenye mkono wa roboti ili itibu na sehemu nyingine za mwili, ndo CyberKnife, mgonjwa wa kwanza 1994. Hizi watu wanatumiwa video zake wanadhani wamenyimwa. Ni za uvimbe mdogo wenye mipaka, mama mwenye saratani iliyotapakaa nyongani hazimhusu.

Umeona lakini, kila mahali yuko daktari na pembeni yake yuko mwanafizikia. Kati ya 1985 na 1987 kule Marekani na Kanada kulikuwa na linaki inaitwa Therac-25, mpya, ya kompyuta, ikawapiga wagonjwa sita dozi za kupita kiasi kwa makosa ya programu na baadhi yao wakafa. Kobalti nayo ina hatari yake, chanzo kikitupwa ovyo kinaua, ndo maana Tume ya Nguvu za Atomiki wanazikagua. Kwahiyo ukifika hospitali yoyote uliza wana mtaalamu wa fizikia tiba anayepima mashine kabla wagonjwa hawajaingia asubuhi. Uliza naanza tarehe ngapi, mashine ikisimama mnanihamishia wapi, mtapanga tiba kwa siti skani au kwa eksirei ya kawaida, bima inalipa mpaka wapi. Jibu la tarehe ndo uliandike kubwa.

Hesabu na pa kulala. Watu wa Sengerema na Geita tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, wengine wanaweza kwenda na kurudi, ila wiki za mwisho mgonjwa anachoka, mtafutieni ndugu wa karibu na Bugando. Na wanaomwogopa mgonjwa waache kumwogopa, anayepigwa mionzi ya nje habaki na mionzi mwilini, abebe wajukuu, alale na mumewe chumba kimoja, ale nao sahani moja.

Ngozi sasa. Zile alama walizomchora kwa kalamu zisifutwe, mama mdogo alikuwa anaoga kwenye beseni amekaa, anajimwagia maji kwa kikombe taratibu, hasugui, afu mi namkausha kwa kugusa gusa na khanga kuukuu iliyolainika. Hakuna mafuta wala poda kabla ya kuingia kwenye mashine. Sabuni ile ya kipande mwacheni ifulie nguo. Alama moja ya ubavuni ilianza kupotea siku ya kumi, tukawahi mapema tukawaonyesha kabla hajalala kitandani, wakaichora upya, ikachukua dakika tano.